Kiungo cha gundi kwenye ndege: namna ya kukiandaa, kukichosha na kukisoma kikivunjika

Kiungo cha gundi kilichoandaliwa vibaya hakijifichui siku ya kwanza. Sugua vipande viwili vya alumini kwa msasa, vifute kwa asetoni, vibandike kwa epoksi ya maana, viache vikauke, kisha vivute kwenye mashine. Utapata namba nzuri tu, pengine karibu sawa na ya vipande vilivyopitishwa kwenye tindikali. Pacha wao waweke kwenye joto na unyevu kwa wiki kadhaa ndipo uwavute. Hapo gundi huachia na kubaki upande mmoja, na alumini ya upande wa pili inang'aa kana kwamba haikuwahi kuguswa. Kwa sababu hiyo nitakaa sana kwenye uso wa metali na kupita haraka kwenye mashine, ingawa mashine ndiyo kila mwanafunzi anayekuja maabara hukimbilia kuiona.

Mwongozo huu ni wa mafundi wa ndege wa Entebbe na Kajjansi hapa Uganda, wanafunzi wa chuo cha usafiri wa anga cha Soroti, na vijana wa uhandisi vyuoni wanaotaka kutengeneza sampuli zao, kuzichosha (yaani kuzivuta na kuziachia mara nyingi) na kuzisoma. Ni wa sampuli tu. Kwenye ndege yenyewe unafuata kitabu cha ukarabati cha mtengenezaji, na kazi inatiwa sahihi na mwenye leseni.

Mzigo unapita wapi

Wengi hudhani mzigo hugawanyika sawasawa kwenye eneo lote lililopakwa gundi. Volkersen alionyesha mwaka 1938 kwamba sivyo: bati nazo hunyooka zinapovutwa, kwa hiyo mkazo wa mkato, yaani wa bati moja kutaka kuteleza juu ya nyingine, hurundikana kwenye ncha mbili za mpishano (pale bati mbili zinapolaliana), na katikati gundi hubaki karibu bila kazi. Mwaka 1944 Goland na Reissner wakaongeza jambo baya zaidi. Kiungo cha mpishano mmoja kikivutwa hujipinda, kwa kuwa bati mbili haziko kwenye mstari mmoja, na ncha zake hubanduliwa. Gundi huvumilia mkato vizuri, lakini kubanduliwa huishinda upesi, kama plasta ya kidonda: ivute kwa urefu itakaidi, inua ncha tu imetoka.

Kwa hiyo kuongeza urefu wa mpishano maradufu hakuongezi nguvu maradufu. Hata hivyo ile katikati iliyopumzika si hasara. Ndiyo inayozuia gundi kunyooka polepole chini ya mzigo wa kudumu, hasa kwenye joto. Hart-Smith wa kampuni ya Douglas alipendekeza mpishano wa takriban mara 30 ya unene wa bati kwa kiungo cha pande mbili, na mara 80 kwa mpishano mmoja. Chonga ncha za bati ziwe nyembamba, na ule ukingo wa gundi unaofura nje usiukwangue kwa kupenda unadhifu, kwani unapunguza mkazo mahali ambapo ufa huanzia.

Gundi kwenye ndege si jambo la juzi, wala halikuja Afrika Mashariki na ndege za nyuzi za kaboni. Redux, gundi ya kwanza ya kuaminika kwa metali, ilitoka kwa Norman de Bruyne na wenzake huko Duxford, Uingereza, mwaka 1941. Fokker F27 ilijengwa kwa kuitumia sana, na F27 za East African Airways zilikuwa zikitua Entebbe tangu miaka ya 1960.

Ajali ambayo kila anayeshika gundi inampasa aijue ni ile ya Aloha Airlines, Aprili 28, 1988, karibu na Hawaii. Boeing 737-200 iliyokuwa imefanya safari 89,680 ilipoteza kipande kikubwa cha paa angani, na mhudumu mmoja wa ndege akafa. Viungo vya bati za mwili wa 737 za mwanzo vilibandikwa kwa epoksi iliyobebwa na kitambaa, ikakauka kwa joto la kawaida, kisha vikapigwa safu tatu za ribiti. Gundi ndiyo iliyotakiwa kubeba mzigo. Ilipoachia, kwa uso usioandaliwa vizuri au kwa umande ulioganda kwenye kitambaa kilichotoka kwenye friji, unyevu uliingia, kutu ikaanza, na mzigo ukahamia kwenye ribiti. Matundu ya ribiti yalikuwa yamechongwa mpaka ukingo wa bati ukawa mkali kama kisu, na nyufa ndogo zikatoka tundu hadi tundu zikaungana. Ripoti ilitaja gundi kuachia pamoja na uchovu wa metali, na ugonjwa ulianzia kwenye gundi.

Angalia pia kwamba hesabu iliyokuwa na maana pale ilikuwa ya safari. Ndege ya CRJ900 inayokwenda Nairobi au Juba na kurudi Entebbe hujazwa hewa na kuachiwa mara nyingi zaidi kwa kila saa ya kuruka kuliko A330 inayokwenda Dubai. Unapopanga jaribio la uchovu, anza na swali hilo: mizunguko mingapi, na ya mzigo gani?

Hatua ya 1: gundi yenyewe

Gundi ya utando, ile inayokuja kama karatasi laini, huhifadhiwa kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, na kila saa inayokaa nje huandikwa. Ukiitoa, iache ndani ya mfuko wake uliofungwa mpaka nje ya mfuko kusiwe na umande hata kidogo. Usifungue kabla, hata kama bosi anapiga simu. Umeme ukikatika usiku, huhitaji kubahatisha asubuhi: weka kirekodi cha joto ndani ya friji. Ile hila ya sarafu juu ya kikombe cha barafu inakuambia tu kama barafu iliyeyuka. Haikuambii joto lilipanda lini na likakaa huko muda gani.

Gundi ya sehemu mbili pima kwa mizani. EA 9394, kwa mfano, ni sehemu 100 kwa 17 kwa uzito, na jicho la fundi haliwezi kupata 17. Funika kopo la kikaushio, ile sehemu ya pili, mara moja. Kwenye hewa ya ziwani kikaushio hushika unyevu na kaboni dioksidi, kikafanya ukoko mweupe juu. Ukoko huo ukiingia kwenye mchanganyiko, kiungo kimekwisha kabla ya kuzaliwa.

Hatua ya 2: uso wa alumini

Hapa ndipo uhai wa kiungo unapoamuliwa.

Anza kwa kuondoa mafuta. Tumia vitambaa vipya vyeupe visivyotoa nyuzi, si matambara yaliyofuliwa nyumbani, maana sabuni laini ya nguo huacha mabaki. Mimina kiyeyushi juu ya kitambaa. Ukichovya kitambaa kwenye kopo, kopo zima linakuwa chafu. Mkono mmoja uwe na kitambaa chenye maji ya kiyeyushi na mwingine kikavu, ufute kabla hakijakauka chenyewe, kwani kikikaukia pale uchafu unarudi ulipokuwa. Badilisha mpaka kitambaa kitoke cheupe. Glavu zisiwe na unga. Dawa za kupulizia zenye silikoni zisiingie chumba hicho kabisa, na mafuta ya kujipaka mikononi vilevile.

Kisha kwaruza au piga mchanga wa oksidi ya alumini, chembe za takriban mikroni 50, mpaka uso uwe na rangi moja ya kijivu kisichong'aa. Futa vumbi. Sasa fanya mtihani wa maji: shika bati kwa kuinamisha, mwagia maji yaliyotoneshwa, na uangalie utando wake. Kwa nusu dakika maji yabaki kama kioo kimoja. Yakijikusanya kuwa matone, au yakikimbia sehemu fulani na kuacha kisiwa kikavu, pale pana mafuta, rudi mwanzo. Mtihani huu hukamata mafuta, lakini hauwezi kukuambia kama kiungo kitadumu. Sabuni iliyobaki pia hufanya maji yatandae vizuri na kukudanganya.

Tatizo ni oksidi. Alumini iliyokwaruzwa tu huvaa oksidi nyembamba ambayo ikikutana na maji yanayopenya polepole kupitia gundi hugeuka kuwa hidroksidi, dhaifu na yenye kuvimba. Gundi yenyewe inabaki nzima, ila ardhi iliyoishika imeoza. Dawa yake viwandani ni kuunda oksidi kwa umeme ndani ya tindikali ya fosforiki, njia iliyotoka Boeing na ikathibitishwa na mradi wa PABST wa jeshi la anga la Marekani miaka ya 1970. Oksidi hiyo ina vitundu vidogo sana vinavyokunywa praima (rangi ya kwanza inayopakwa kabla ya gundi), na hustahimili maji. Kwenye ukarabati, ambako huwezi kuchovya bawa kwenye pipa, kuna njia ya mchanga na silani (kemikali inayoshikamanisha metali na gundi) iliyokomazwa Melbourne, Australia, na kundi la Alan Baker: piga mchanga, kisha lowanisha uso kwa maji yenye silani takriban asilimia 1 yaliyokorogwa saa nzima, uache ukiwa umelowa dakika 10 hadi 15, halafu ukaushe kwa joto. Kwa maabara ya chuo hii ndiyo ninayoipendekeza. Tindikali ya kromiki ya zamani ina kromiamu inayosababisha saratani, na dawa za kupaka zenye hidrofloriki si za kuchezea kabisa: huingia kwenye ngozi bila kuuma mwanzoni, zikala mpaka ndani.

Uso ukishakuwa tayari haungoji. Paka praima au bandika ndani ya saa chache.

Halafu umande, ambao kwetu ni adui wa kila siku. Sema bati zimelala kwenye chumba cha kiyoyozi cha nyuzi 18, na hewa ya hanga ni nyuzi 26 na unyevu wa asilimia 75. Kiwango cha umande cha hewa hiyo ni kama nyuzi 21. Ukileta bati hanga, zinalowa papo hapo, utando mwembamba usioonekana kwa macho, nawe unapaka gundi juu yake. Pima joto la bati, pima hewa, tafuta kiwango cha umande kwenye jedwali, na usianze mpaka bati iwe na nyuzi kadhaa juu yake. Unyevu wa chumba ukizidi mpaka uliowekwa na mtengenezaji wa gundi, ahirisha. Entebbe asubuhi baada ya mvua si wakati wa kubandika bila chumba kilichofungwa.

Kwa kaboni mambo yanafanana kidogo tu. Kitambaa cha kubandua, kile kinachofunika laminati (tabaka za kaboni zilizogandishwa kwa epoksi) mpaka wakati wa kubandika, hakiandai uso kwa kukitoa pekee, kwaruza bado. Laminati ya zamani ikaushe kwanza, maana kaboni-epoksi hunywa maji hewani na wakati wa kupikwa huyatoa kama mapovu ndani ya gundi. Ukibandika kaboni na alumini, weka tabaka la nyuzi za kioo katikati zisigusane, la sivyo alumini italiwa.

Hatua ya 3: kubandika na kupika

Unene wa gundi uwe milimita 0.1 hadi 0.25, ushikwe na kitambaa cha utando au vishanga vya kioo. Weka vipimajoto zaidi ya kimoja na umfuate yule anayechelewa kupata moto, si anayetangulia. Gundi ya utando ya nyuzi 120 haitakomaa vizuri kwa nyuzi 100 kwa muda uleule.

Jambo ambalo vitabu vilivyoandikwa pwani ya Ulaya havisemi: Entebbe iko takriban mita 1,150 juu ya bahari. Shinikizo la hewa pale ni kama kilopaskali 88, si 101. Mfuko wa vakyumu, unaonyonywa hewa ili ubane kazi wakati wa kupika, hauwezi kubana zaidi ya hapo, na geji yako haitapita inchi 26 za zebaki hata pampu iwe mpya. Fundi asiyejua hili hutafuta mvujo usiokuwepo mchana kutwa. Kabale ni juu zaidi, na nafasi ni finyu zaidi. Kama maelekezo yanataka inchi 22 angalau, bado unafika, lakini mvujo mdogo ambao baharini ungesamehewa hapa unakuangusha.

Kila ukipika kazi, pika na sampuli ya pembeni kwenye mfuko uleule, kwa uso ulioandaliwa na mikono ileile.

Hatua ya 4: kabari

Kama una muda wa jaribio moja tu, fanya hili. Liliandikwa kwenye ASTM D3762, mojawapo ya viwango vya majaribio vya shirika la Marekani la ASTM. Bandika bati mbili za alumini za unene wa milimita 3.2, kata vipande vya upana wa milimita 25.4, na upande mmoja uachwe bila gundi. Pigilia kabari ya milimita 3.2 kwenye mdomo huo. Ufa utafunguka ghafla, kisha utasimama.

Sasa weka kipande ubavuni chini ya taa inayomulika kwa ulalo na kioo cha kukuzia. Ncha ya ufa ni mstari mwembamba sana. Wino kidogo unaofutika huufanya uonekane. Weka alama kwa sindano pande zote mbili, uandike urefu. Tumbukiza kipande kwenye nyuzi 50 na unyevu wa zaidi ya asilimia 95. Chungu kilichofungwa chenye maji chini na kidhibiti joto kinatosha kwa mazoezi, mradi kipande kisiguse maji. Tazama baada ya saa 1, kisha saa 24, kisha uendelee kama unaweza.

Nguvu inayosukuma ufa hupungua kwa kipeo cha nne cha urefu wa ufa. Ufa ukitoka milimita 40 hadi 50, nguvu hiyo inashuka zaidi ya nusu. Kwa hiyo ufa unaoendelea kutambaa hata baada ya hapo unasema uso ni mbovu. Mwisho fungua kipande chote na uangalie sehemu ile tu iliyofunguka ndani ya unyevu. Ikiwa na gundi pande zote mbili, umefanya kazi. Ikiwa na alumini tupu, rudi hatua ya 2, na usiguse mashine ya uchovu mpaka urekebishe.

Hatua ya 5: kuvuta na kuchosha

Sampuli ya ASTM D1002 ina upana wa milimita 25.4 na mpishano wa 12.7, yaani eneo la milimita za mraba 322.6. Ikivunjika kwa kilonewtoni 9.7, mkazo wa wastani ni megapaskali 30. Neno wastani lisikupotoshe. Kwenye ncha mkazo ni mkubwa zaidi, hivyo namba hii ni ya kulinganisha sampuli na sampuli, haifai kubuni bawa.

Kwa uchovu kuna ASTM D3166. Chukua asilimia 50, 40 na 30 ya nguvu ya kuvunja, mzigo wa chini uwe sehemu ya kumi ya wa juu, na uvute sampuli kadhaa kwa kila kiwango, maana matokeo ya gundi hutawanyika. Kwa mizunguko 10 kwa sekunde, mizunguko 1,000,000 huchukua karibu saa 28. Panga betri au jenereta kabla. Jaribio lililokatika katikati na kuanzishwa upya si jaribio lilelile, kwani gundi ilipumzika. Usiharakishe kwa kuongeza kasi ovyo, gundi hupata moto. Rudia kiwango kimoja kwa sampuli zilizokaa kwenye unyevu, kwa sababu maji pia hushusha joto ambalo gundi hulegea, na ndege iliyopaki juani Soroti au Arua ngozi yake hupata moto kuliko hewa.

Tofauti kubwa na metali ni hii: ufa kwenye gundi ukishaanza hukimbia. Ongezeko dogo la mzigo huongeza mwendo wake kwa kiasi kikubwa kuliko kwenye alumini. Kwa hiyo wabunifu wengi hawategemei kuufuatilia ufa ukikua polepole, hushusha mzigo mpaka usikue kabisa.

Hatua ya 6: kusoma kilichovunjika

Usikiguse kwa vidole, wala usirudishe nusu mbili pamoja kuona kama zinaingiana. Piga picha za pande zote mbili, zikikabiliana. Kisha mulika tochi kwa ulalo na uchukue kioo cha kukuza mara 10.

Gundi ikibaki pande zote mbili, mbaya na isiyong'aa, imepasuka ndani yake yenyewe. Hii ndiyo tunayoitaka. Sehemu iliyochoshwa huwa laini kiasi, na pale ilipokatika mara ya mwisho huwa na mikwaruzo na weupe wa kunyooka. Mpaka kati ya hizo mbili unakuonyesha ufa ulifika wapi kabla ya kushindwa. Ufuate kinyumenyume, mara nyingi utakufikisha kwenye kona.

Metali ikionekana tupu, kwaruza kidogo kwa sindano. Ikitoka ngozi nyembamba, kuna praima au gundi bado. Isipotoka, gundi haikushika. Unga mweupe au kijivu kilichofifia ni oksidi iliyoliwa na maji. Mashimo ya mviringo yenye ukuta unaong'aa ni hewa au mvuke. Rangi ya maziwa na mapovu madogo mengi ni umande. Ukucha ukizama kwenye gundi, gundi haikuiva. Kwa kaboni, nyuzi zikitoka na gundi, tabaka la kwanza ndilo lililochanika, na gundi imeshinda.

Ukiona gundi imepasuka ndani kwa mzigo mdogo, tafuta kosa kwenye ubunifu, kwenye mapovu, au mzigo uliozidi. Ukiona metali tupu, kwa mzigo wowote ule, kosa ni la maandalizi. Kununua gundi ya bei kubwa hakutasaidia, ingawa ndiyo barua ya kwanza ambayo ofisi nyingi huandika.

Hatua ya 7: kwenye ndege yenyewe

Altrasaundi huona pengo. Haioni gundi iliyogusa bila kushika, na hadi leo hakuna chombo cha hanga kinachopima nguvu ya kiungo bila kukivunja. Ndiyo maana kanuni ya zamani ya Marekani 23.573 ya ndege ndogo za kompositi ilitoa njia tatu tu: kiungo kikiachia, kiwepo kitu cha kuzuia kisienee hadi ndege ishindwe kubeba mzigo, au kila kipande kijaribiwe kwa mzigo, au uwepo ukaguzi usioharibu unaoaminika kuthibitisha nguvu. Njia ya tatu bado haina wa kuipitia, na ribiti chache utakazoziona kwenye viungo vilivyobandikwa ni jibu la njia ya kwanza.

Kugonga kunasaidia kwenye ngozi nyembamba na viini vya sega, vyenye vyumba kama sega la nyuki. Gonga kwa nyundo nyepesi, hatua fupi zinazolingana, injini na redio zikiwa kimya. Palipo pazima hulia wazi, palipoachia hulia bubu. Usidharau usukani wa mkia: mwaka 2005 Airbus A310 ya Air Transat iliyotoka Varadero, Cuba, ilipoteza karibu usukani wote angani, nao ulikuwa wa kompositi yenye kiini cha sega. Wachunguzi waliona kuwa huenda hitilafu ndani ya paneli ilikuwepo kabla na ikakua, na ukaguzi wa wakati ule haukutosha kuiona.

Ukipata pabubu, chora mpaka wake, pima kutoka kwenye ribiti au kona isiyohama, andika tarehe na saa za ndege, ili atakayekagua baada yako ajue kama umepanuka. Tumia kalamu iliyoidhinishwa kwa ngozi ya ndege. Penseli ya kawaida iache mfukoni, kwani grafiti yake huanzisha kutu kwenye alumini.